Shangazi, muuzaji anataka milioni 43 Ijumaa hii na hati niliyopewa ni kopi

Shikamoo Shangazi,

Mi ni mama wa watoto watatu, naishi Kirumba hapa hapa Mwanza, nauza dagaa Mwaloni huu mwaka wa 12 sasa. Miaka yote hiyo tumepanga. Mwenye nyumba kaongeza kodi mara mbili ndani ya miaka mitatu na safari hii anataka ya mwaka mzima kwa mkupuo, nikasema hapana, hela ya kumlipa huyu kila mwaka nitaizika mpaka lini. Nina akiba yangu milioni 31 na kikoba wamekubali kunikopesha 14, jumla 45.

Dalali kanipeleka Nyasaka kule juu mlimani, nyumba ya vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, geti, umeme na maji vipo, rangi mpya kabisa. Bei ni hiyo hiyo 45, yaani kama wamechungulia kwenye pochi yangu. Anayeuza ni kijana tu, anasema baba yake alifariki 2019 na yeye ndo mtoto mkubwa, wadogo zake watatu, wawili wako Dar na mmoja Kahama, kaongea nao kwa simu wote wamekubali. Kanionesha muhtasari wa kikao cha ukoo una saini saba na kanipa kopi ya hati, orijino anasema iko kwa baba yake mdogo Magu. Nishatoa milioni 2 ya kushikilia, dalali kaandika karatasi tukasaini kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti anasema siku ya kumaliza tumtolee asilimia 10 yake. Zilizobaki 43 zinatakiwa Ijumaa hii keshi, maana kuna mteja kutoka Geita yuko tayari kutoa 50.

Kinachonikosesha usingizi ni kitu kimoja. Siku tunaangalia nyumba, kule uani kuna vyumba viwili, nikamkuta mama mtu mzima kakaa kwenye kigoda anapepeta mchele. Nikamwamkia akaitikia kwa sauti ya chini. Nikauliza huyu ni nani, kijana akasema ni mama, yeye atahamia kijijini. Yule mama hakuinua kichwa Shangazi. Mchele ulishakuwa mweupe hauna hata pumba moja lakini aliendelea tu kupepeta.

Mume wangu ni dereva wa lori, yeye anasema ninunue haraka na karatasi iandikwe jina lake kwa sababu ndo baba wa familia. Kaka yangu anasema niachane na hiyo, kuna nyumba Igombe ziwani kabisa, hatua chache unakanyaga maji, milioni 38. Mi nimechanganyikiwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa.

Mama Dagaa, Kirumba

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika kwa yule mama na ungo wake nasimama. Umeandika bei, umeandika Ijumaa, umeandika mteja wa Geita, lakini roho yako yenyewe ilishaona jambo liko wapi, ndo maana umelieleza mpaka rangi ya mchele. Ijumaa usitoe hata shilingi. Sasa nikwambie kwa nini, alafu nikwambie cha kufanya.

Hiyo nyumba ni ya marehemu. Mtoto mkubwa hana ruhusa ya kuuza mali ya baba yake kwa sababu tu alitangulia kuzaliwa. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kama mirathi ilifunguliwa mahakama ya mwanzo msimamizi anapewa karatasi inaitwa fomu namba 4, ina muhuri wa mahakama, namba ya shauri, jina la marehemu na jina lake yeye. Hiyo yenye saini saba uliyooneshwa ni muhtasari wa ukoo, kazi yake ni kupelekwa mahakamani kumpendekeza mtu, basi. Watu wengi sana wamenunua nyumba kwa karatasi hiyo wakidhani ndo mirathi imekwisha. Mwambie akupe fomu namba 4, andika namba ya shauri, alafu nenda wewe mwenyewe kwa miguu yako kwenye hiyo mahakama uwaulize makarani, je shauri hili lipo, msimamizi ni huyu kweli, kuna mtu kaweka pingamizi? Kama ilifunguliwa Magu nenda Magu, unatoka asubuhi na jioni umesharudi kwa watoto. Dagaa wa siku moja wanaweza kusubiri, milioni 45 ikishatoka hairudi.

Na hata akiwa msimamizi kweli, msimamizi anashika mali kwa niaba ya warithi, sio kwamba imekuwa yake. Hao wadogo wa Dar na Kahama wasaini kwamba wanakubali nyumba iuzwe, kila mmoja mbele ya wakili huko aliko, na kopi ya NIDA yake, karatasi orijino zitumwe. Hiyo ya "nimeongea nao kwa simu" usiipokee kabisa. Na mama asaini. Huyo ni mke wa marehemu, ni mrithi, na nyumba nyingi za hapa Mwanza zimejengwa na baba akiweka tofali na mama akiweka hela ya mihogo na vitumbua ambayo haijaandikwa popote. Nimeona haya zaidi ya mara moja, mtu kanunua kwa mtoto, kahamia, kapaka rangi, kapanda na maua, mwaka wa tatu analetewa wito wa Baraza la Ardhi na Nyumba na anayelalamika ni mjane. Mjane ashinde asishinde, wewe unakaa na kesi miaka, huwezi kuuza, huwezi kukopea, kila mwezi unalipa wakili na kikoba nao wanadai.

Tuje kwenye kopi ya hati. Kopi inakuonesha hati ilivyokuwa siku ilipopigwa kopi, haikwambii habari za leo. Mi sijui huyo baba mdogo wa Magu kama ana hati kweli, lakini hati nyingi ambazo "ziko kwa ndugu" ukifuatilia unazikuta benki zimewekwa rehani. Kwa hiyo chukua hiyo kopi, angalia namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, nenda kwa Msajili wa Hati pale ofisi ya ardhi ya mkoa, sema unataka kufanya serchi. Utapewa control number, unalipa, unaletewa majibu kwa maandishi, mmiliki anayesomeka ni nani, kuna rehani au hakuna, kuna mtu kaweka zuio au hakuna. Ada yake ukiilinganisha na milioni 45 ni kama nauli tu. Alafu soma hati ni ya miaka mingapi na ilianza lini, maana zipo za 33, 66 na 99, sasa ukikuta ni ya miaka 33 iliyoanza 1995 ujue inaisha 2028 na hilo ni jambo la kuongea kwenye bei. Hapo hapo uliza deni la kodi ya pango la ardhi, maana deni linakaa na kiwanja, aliyeuza akishaondoka utadaiwa wewe.

Na ujue hati haiwezi kuruka kutoka kwa marehemu moja kwa moja mpaka kwako. Inaanza kuandikwa jina la msimamizi kama msimamizi wa mirathi, ndo baadaye yeye anahamisha kuja kwako. Hiyo hatua ya kwanza waifanye wao kwa gharama zao kabla hujamaliza kulipa. Akikwambia "tutafanya baadaye" muulize baadaye ya lini na nani atamtafuta nani.

Mwenyekiti wa mtaa ana umuhimu wake, anajua nani anaishi wapi na ugomvi wa mipaka uko wapi, muulize hayo. Ila muhuri wake hauhamishi umiliki wa kiwanja chenye hati, na hiyo asilimia 10 hakuna sheria inayompa. Yaani milioni 4 na nusu mwanangu! Hiyo hela tafuta wakili, na huyo wakili uchague wewe, asiwe wa dalali. Jina lake unaweza kuliangalia kwenye mfumo wa mahakama unaitwa e-Wakili kujua kama ana leseni hai.

Sasa nyumba yenyewe. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu mi mwenyewe niliumia.

Nilinunua nyumba Nyakato mwaka 2011, karatasi zote ziko sawa, nikajiona mjanja. Sikuita mpimaji. Nilioneshwa kona nne kwa kidole, "kutoka mwembe ule mpaka kwenye jiwe lile," nikatikisa kichwa. Miezi nane baadaye jirani analeta mpimaji anataka kujenga ukuta, bikoni, ile alama ya mpaka wa kiwanja, ikaonekana chini ya migomba yangu, na chemba ya choo changu yote iko upande wake. Alinipa miezi miwili. Nikaanza kuchimba shimo lingine, futi tatu tu tukagonga mwamba. Vijana walichoma lile jiwe kwa matairi siku nne, wanamwaga maji, wanapiga nyundo, wanachoma tena, nyumba nzima inanuka moshi na watoto wanakohoa, na hela niliyotumia ingenunua mabati ya nyumba nzima. Kwa hiyo nakuomba, tafuta mpimaji mwenye leseni, aje na kifaa chake na ile ramani iliyo kwenye hati, akuoneshe bikoni moja moja uziguse kwa mkono, namba zake zilingane. Muulize choo kinamwaga wapi na chemba iko ndani ya mipaka ya nani. Kwa mji wetu huu wa mawe choo ni cha kuuliza kabla ya sebule.

Rangi mpya pia inanipa wasiwasi. Nyumba za mlimani nyingi msingi wake nusu umekaa juu ya mwamba na nusu umekaa kwenye kifusi walichojazia ili kupata usawa. Mwamba hauendi popote, kifusi kinashuka, ukuta unapasuka. Ufa wa nywele kwenye plasta usikutishe. Wa kuogopa ni ule unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango unapanda kwa mshazari, na ukizunguka nje unaukuta sehemu ile ile. Wakishaziba na kupaka rangi jicho halioni, sasa wewe nenda asubuhi jua likiwa linapiga ukutani kwa ubavu, pitisha kiganja taratibu kuanzia kwenye kona za madirisha, utasikia mahali plasta imevimba au ina ngozi tofauti. Fungua na ufunge kila mlango, mlango unaokwaruza sakafu upande mmoja unakupa habari za msingi. Mchukue fundi wako unayemwamini. Na kama unaweza nenda siku mvua imenyesha uone maji ya mlimani yanapita wapi, maana wanaokaa Mabatini wanajua mto Mirongo unavyofanya maji yote ya juu yakishuka kwa pamoja.

Maji ya bomba usiangalie bomba, fungua bomba. Waulize majirani, hasa wamama, maji yanatoka siku zipi na yanapanda mpaka huko juu au mpaka uamke saa tisa usiku. Ukiona kila nyumba ina simtanki kubwa umeshajibiwa. Uliza na bili ya MWAUWASA kama ina deni. Kwenye LUKU fanya hivi, nunua umeme wa 5,000 kwenye ile mita, alafu soma meseji yote, kodi ya majengo siku hizi inakatwa humo humo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kama kuna malimbikizo utayaona yanavyokula hela.

Ya kaka yako ya Igombe nitaijibu kwa kifupi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hatua chache unakanyaga maji maana yake uko ndani ya hizo mita, siku wakija kuweka alama ya X ukutani huna pa kulalamikia. Na ziwa lenyewe tumeliona 2020 likipanda mpaka likaingia kwenye nyumba za watu na migahawa ya ufukweni, na 2024 likarudia. Mwambie kaka asante, ila hapana.

Kuhusu jina. Mumeo simjui na sitaki kumsema vibaya, mwenye mke anayehangaika kama wewe angefurahi tu. Lakini milioni 31 ni za dagaa, na deni la 14 litasomeka kwa jina lako kwenye daftari la kikoba. Sheria ya ardhi inaruhusu watu wawili kuandikwa kwenye hati moja, kwa hiyo andikeni majina yenu wote wawili. Wakili atawaeleza kuna namna mbili, ile ya pamoja ambayo mmoja akifariki mwenzake anabaki na yote, na ile ya hisa ambayo sehemu ya aliyefariki inakwenda kwa warithi wake. Mwambie mumeo hivi, "Baba nanihii, umeona yule mama wa Nyasaka anavyopepeta mchele, mi sitaki kuzeekea uani kwangu mwenyewe." Nadhani atakuelewa.

Alafu hela. Unayo 45 na nyumba ni 45, sasa uhamisho utalipia nini? Ushuru wa stempu ni asilimia 1, hapo ni kama laki 4 na nusu, kuna mthamini, kuna ada za usajili, kuna wakili, kuna mpimaji. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida anayopata mtu akiuza nyumba, ni ya muuzaji na TRA wasipolipwa uhamisho hauendi, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba nani analipa, usiache hivi hivi maana wauzaji wengi wanapotea wakishashika hela zao. Na mkopo wa 14 wa kikoba unarudishwa kwa riba, mtaji wa Mwaloni usije ukakauka. Ningekuwa wewe ningetafuta nyumba ya 36 au 38, au hii hii ishuke, na kwa makaratasi yalivyo una haki ya kuomba ishuke sana.

Keshi hapana kabisa. Hela ipite benki, kwenye akaunti ya msimamizi aliyetajwa kwenye mkataba au ikae kwa wakili, na igawanywe, sehemu siku ya kusaini, sehemu hati ikishakuwa jina la msimamizi, na kipande kikubwa cha mwisho uhamisho ukishasajiliwa na wewe umekabidhiwa nyumba ikiwa tupu. Ile milioni 2 waombe muandikiane upya kwa wakili kwamba ni sehemu ya bei na itarudishwa yote kama mirathi au serchi ikionesha tatizo. Wakikataa, itakuuma, najua dagaa wangapi wako humo, lakini bado 43 ziko mkononi mwako.

Mteja wa Geita mwache anunue. Kama kweli yupo na ana 50, kijana angekuwa anakupigia wewe simu kwa sababu gani?

Leo au kesho nenda Nyasaka peke yako, bila dalali, bila kijana. Mbebee yule mama sukari na dagaa wako kilo moja, mwamkie, kaa naye chini pale uani. Usianze na nyumba. Muulize hali, muulize watoto, msaidie hata kuchambua mboga. Akitulia muulize, "Mama, hii nyumba mlijenga mwaka gani?" Alafu nyamaza umsikilize. Atakachokwambia hapo, na majibu ya serchi, ndo viwe mkononi mwako Ijumaa kijana akipiga simu.

Niandikie ukitoka kwa mama.

Shangazi